Kabla hujaomba kulea au kuasili mtoto wa halmashauri hapa Uingereza

Mvulana wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa na umri wa miaka 9, na nyumba yangu ilikuwa ya saba kwake. Katika wiki ya pili, nilipokuwa nikibadilisha mashuka, nilikuta chapati tatu ndani ya foronya yake, zimekauka hadi zinavunjika kama biskuti, pamoja na nusu ya tofaa na vipakiti vya sukari vya mgahawani. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumwita nimuulize kwa nini anaiba chakula katika nyumba ambayo hajawahi kunyimwa. Nashukuru kwamba nilipiga simu kwanza. Afisa ustawi wa jamii anayenisimamia mimi, maana hapa mlezi ana afisa wake na mtoto ana wake, alinishauri niweke kikapu cha chakula kando ya kitanda chake, nikijaze kila jioni, na nisiseme neno lolote. Nilikijaza kwa miezi saba, mpaka asubuhi moja nilipokuta vitu vyote vimo kama nilivyoviacha, na siku iliyofuata vivyo hivyo.

Miaka 14 imepita tangu siku hiyo, na watoto 11 wamepita katika nyumba hii, wengine kwa usiku mmoja na wengine kwa miaka. Naandika kwa sababu Watanzania na Wakenya tunaoishi nao hapa wananiuliza swali lilelile kila tunapokutana harusini au msibani: ni bora kuasili mtoto, yaani awe wako kisheria, au kumlea tu, na watoto wa njia ipi hutokea vizuri zaidi? Nimebadilisha mambo madogo madogo ya watoto ili wasitambulike, kwa kuwa habari zao ni zao.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu limewahi kunipa tabu. Kwetu ulezi wa namna hii huitwa malezi ya kambo, na nilipomweleza shangazi yangu wa Tanga kazi yangu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe ni mama wa kambo wa watoto ambao mama zao wako hai?" Katika hadithi tulizokua nazo hakuna mama wa kambo aliyewahi kuwa mtu mwema. Swali lake la pili lilikuwa kama nalipwa. Ndiyo, kuna posho, na serikali huweka kiwango cha chini kwa kila umri wa mtoto, lakini anayeingia kwa ajili ya posho atajuta kabla mwaka haujaisha.

Kisheria, mtoto huingia katika uangalizi wa halmashauri kwa njia kuu mbili chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Ya kwanza ni kifungu cha 20, ambapo mzazi anakubali mwenyewe mtoto atunzwe kwingine, na haki zote za uzazi zinabaki kwake. Ya pili ni kifungu cha 31, ambapo mahakama inatoa amri baada ya kuridhika kwamba mtoto amepata au huenda akapata madhara makubwa kutokana na malezi anayopewa. Kesi hizo zinatakiwa kumalizika ndani ya wiki 26, na mwisho wake mtoto anaweza kurudishwa nyumbani, kupewa ndugu, kuwekwa kwa mlezi wa kambo kwa muda mrefu, kupewa mlezi maalumu kwa amri ya mahakama, au kuelekezwa kwenye kuasiliwa. (Nasema juu ya England tu, Uskoti ina sheria zake.)

Mwishoni mwa Machi 2024 watoto zaidi ya 83,000 walikuwa katika uangalizi wa halmashauri za England, na takriban theluthi mbili yao walikuwa kwa walezi wa kambo. Walioasiliwa katika mwaka mzima ulioishia mwezi huo hawakufika 3,000, wakati mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 5,300. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba anataka "kuchukua mtoto wa halmashauri awe wake kabisa" namwambia aangalie hesabu hiyo kwanza, kwa sababu kuasiliwa ni njia ya watoto wachache, na wengi wao ni wadogo: kwa wastani mtoto anaasiliwa akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa. Mtoto wa miaka 9 anayeficha chapati huwa hayumo katika orodha hiyo.

Hapo ndipo swali la "njia ipi hutoa watoto bora" linapokuwa na mtego. Ukichukua mtoto aliyeondolewa kwao akiwa mchanga, akaasiliwa na watu wawili waliochunguzwa kwa miezi, kisha ukamlinganisha na yule aliyeingia kwenye uangalizi akiwa na miaka 10 baada ya kuona mengi, ni wazi wa kwanza ataonekana amefanikiwa zaidi, lakini utakuwa umepima miaka iliyotangulia zaidi ya ulivyopima malezi yenyewe. Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo inamfaa aliyempokea mtoto kutoka kwa mkunga. Anayempokea kwenye mlango wa mbele saa nne usiku, akiwa na begi na historia, analea juu ya malezi ya watu wengine.

Utafiti mmoja wa vyuo vikuu vya Oxford na Bristol, uliotolewa mwaka 2015, ulinisaidia kuelewa niliyokuwa nikiyaona. Waliangalia matokeo ya GCSE, mitihani ambayo wanafunzi wa hapa hufanya wakiwa na miaka 16 hivi, na wakakuta kwamba watoto waliokaa muda mrefu katika uangalizi walifanya vizuri kuliko wale wenye shida zinazojulikana na ustawi wa jamii ambao walibaki makwao, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Lakini kila mara mtoto alipohamishwa kwa mlezi mwingine baada ya umri wa miaka 11, matokeo yake yalishuka kwa kiasi cha theluthi ya daraja, na waliobadilisha shule katika miaka miwili ya mwisho kabla ya mtihani walikuwa nyuma kwa zaidi ya madaraja matano. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mvulana wangu na nyumba zake sita za kabla yangu, na nikaacha kabisa kubishana na watu juu ya jina la amri iliyoandikwa mahakamani. Nauliza tu kama mtoto atabaki palepale, na kama wewe unayeomba utabaki naye atakapofika miaka 14 na kukutukana mbele ya wageni.

Hata kuasili hakukingi umri huo. Chuo Kikuu cha Bristol kiliwafuatilia watoto walioasiliwa kwa kipindi cha miaka 12, na mwaka 2014 kikaeleza kwamba takriban 3 kati ya kila 100 walikuwa wameondoka katika familia zao mpya kabla ya kufika utu uzima. Hao ni wachache kuliko watu wanavyodhani, ila wengi wao waliondoka wakiwa na umri wa sekondari, na karibu robo ya wazazi waliohojiwa ambao watoto wao walikuwa bado nyumbani walisema wanaishi katika shida kubwa. Ukiomba kuasili, uliza mapema msaada gani upo mtoto akishafika sekondari, na uombe majibu kwa maandishi.

Wenzangu Waislamu wananiuliza jambo jingine, na ni haki yao kuuliza. Kuasili kwa sheria ya hapa kunakata nasaba: mtoto anapata cheti kipya, anakuwa wa ukoo wako kisheria, na anarithi kama aliyezaliwa nawe. Sura ya Al-Ahzab inatutaka tuwaite watoto kwa majina ya baba zao, ndiyo maana wengi wetu tunajua kafala, yaani kumtunza mtoto kikamilifu bila kumbadilishia ukoo. Amri ya ulezi maalumu, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2002 kwa kuzingatia, pamoja na mengine, familia ambazo dini au mila zao hazikubaliani na kuasili, inakaribiana sana na hali hiyo: unakuwa na maamuzi karibu yote juu ya mtoto hadi atimize miaka 18, na jina la babake linabaki. Kwa mirathi unaweza kumwandikia wasia ndani ya theluthi ya mali yako. Kuhusu umaharimu (nani anahesabiwa ndugu wa karibu ambaye huhitaji kujisitiri mbele yake) mtoto akibalehe, zungumza na sheikh unayemwamini kabla, wala usisubiri mtoto aanze kujiuliza kwa nini umeanza kuvaa mtandio sebuleni.

Kosa langu kubwa lilihusu msichana wa miaka minne aliyekaa kwangu miezi 19 akisubiri kuasiliwa. Wazazi wapya walikuwa watu wema. Walikuja kwangu siku tisa mfululizo, siku ya kwanza kwa muda wa saa moja, siku ya mwisho kutwa nzima, kisha wakaondoka naye. Halmashauri ilinishauri nikae mbali kwa muda ili "ajifunge" na familia yake mpya, nami nikatii kwa sababu nilidhani wanajua zaidi. Miezi mitatu baadaye mama yake mpya alinipigia simu akilia: mtoto alikuwa akiwaambia walimu kwamba Anti, yaani mimi, amekufa. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata na kisahani cha vitumbua, akanishika shavu kwa vidole viwili kama anayepima joto, kisha akaenda kucheza. Siku hizi wataalamu wengi wanashauri mlezi wa zamani amtembelee mtoto mapema baada ya kuhama. Ukiwa unalea, dai ziara hiyo iandikwe kwenye mpango. Ukiwa unaasili, mwalike mlezi hata kama uwepo wake unakutia wivu kidogo.

Mengine ni ya kiutendaji lakini yanaumiza yakisahauliwa. Mtoto aliyezidi miaka mitatu anatarajiwa kuwa na chumba chake, kwa hiyo usiombe kabla ya kuhesabu vyumba. Uchunguzi wako utagusa ndoa yako, fedha zako, ulivyolelewa na ulivyochapwa. Jibu kwa ukweli, kwa sababu jopo linalopitia maombi limeshasikia kila aina ya ukimya. Kiboko hakiruhusiwi kabisa kwa mtoto unayemlea kwa niaba ya halmashauri, hata kofi. Na siku ya kwanza kabisa uliza ni maamuzi gani umekabidhiwa. Mimi sikuuliza. Mvulana wangu alikosa safari ya shule kwa sababu sahihi yangu haikutosha na aliyetakiwa kusaini alikuwa likizo. Alikaa maktaba siku nzima na msaidizi wa mwalimu huku wenzake wakiwa baharini. Hata kukata nywele kulihitaji idhini ya mama yake. Baadaye nilikuja kuona busara ya hilo, kwani zile nywele zilikuwa kitu cha mwisho ambacho mama huyo alikuwa bado anaamua.

Nikumbushe pia jambo moja ambalo jamii yetu inalivunja bila kujua. Kwetu mtoto hukaa kwa bibi, kwa mjomba au kwa rafiki wa mama, na hakuna anayeandika barua. Hapa, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu ambaye si ndugu wa karibu kisheria, ni lazima halmashauri ijulishwe. Babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi na mzazi wa kambo wanahesabiwa kuwa karibu. Binamu ya mama, ambaye wewe unamwita mama mdogo, hahesabiwi. Kujulisha si kujishtaki. Unaanza kwa simu, kisha afisa anakuja kuona mtoto yuko salama.

Halafu kuna miaka 18, ambayo ndiyo mahali matokeo mengi yanapoamuliwa. Katika vijana wa miaka 19 hadi 21 waliotoka kwenye uangalizi, karibu 4 kati ya 10 hawako kazini, shuleni wala katika mafunzo yoyote, na hiyo ni mara tatu hivi ya vijana wengine. Wakati watoto wetu wa kuzaa wanarudi nyumbani na nguo chafu wakiwa na miaka 24, hawa wanapewa funguo za chumba na nambari ya simu ya mshauri wa halmashauri. Tangu mwaka 2014 sheria inamruhusu kijana kubaki kwa mlezi wake wa kambo hadi miaka 21 ikiwa wote wawili wanataka, na siku hizi mshauri wake anaweza kuendelea hadi miaka 25. Tatizo ni kwamba posho ya mlezi mara nyingi hupungua, na walezi wengi wanahitaji chumba kwa mtoto mwingine. Anza mazungumzo hayo akiwa na miaka 16, ukijua kabisa utakachopoteza kifedha, maana akifika 17 na nusu atakuwa ameshasoma jibu usoni mwako.

Mvulana wangu alibaki hadi miaka 20. Sasa ni fundi umeme, ana chumba chake upande wa pili wa mji, na huja Jumapili kula wali na kuniambia kwamba soketi zangu za jikoni ni za hatari. Barua zake za benki, za daktari na za kodi bado zinakuja kwangu. Nimemwambia mara nyingi abadilishe anwani. "Nitabadilisha, Anti," anasema, anaziweka chini ya mkono, na wiki inayofuata nakuta nyingine mlangoni.