Katibu, simu yako si sanduku

Juzi dada mmoja kaniandikia: katibu wa kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa, kakwapuliwa simu kwenye daladala, zimebaki wiki mbili wavunje wagawane fedha, na hesabu zote zilikuwa humo. Nilipousoma ujumbe ule tumbo likanicheza, maana katibu wa aina hiyo nilikuwa mimi.

Sisi tulianza na sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hisa inagongwa muhuri kitabuni, na kabla ya kutawanyika tunalitamka salio kwa sauti mpaka kila mmoja alikariri. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Mimi msomi nikauona wa kizamani. Nikasema hisa zitumwe kwa simu, marejesho nitayaandika WhatsApp. Wakanipigia makofi!

Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Nakala ya akiba ya WhatsApp, ile "backup", sikuwahi kuiwasha. Fundi aliifungua, akanionyesha kutu ya kijani ndani, akatikisa kichwa. Siku ya mgao nikaitwa mwizi mbele ya wanangu. Kilichoniokoa ni daftari la mama muuza maandazi, kurasa zimelowa mafuta, aliyeandika hisa za kila mtu kila Jumapili kwa sababu hakuniamini. Hakuniamini! Bado inaniuma kidogo. Hesabu zilipungua hisa mbili tu, nikazilipa mwenyewe.

Basi dada, kwanza katibu aifunge laini yake leo, kisha airudishe na aombe taarifa ya miamala kwa mtandao wake. Halafu kaeni wote, kila mtu na meseji zake za malipo. Iliyoibiwa ni simu moja, zenu zipo.

Na mkianza upya, jedwali la hesabu likae kwenye akaunti ya kikundi, watu watatu waweze kulifungua, na mwisho wa mwezi lichapishwe. Asishike mtu mmoja. Hata akiwa mlokole, hata akiwa dada yako wa damu, asishike mtu mmoja! Na salio litamkwe, jamani, mnaona aibu gani?

Kwetu sanduku limerudi. Mama wa maandazi ndiye katibu, mimi nina ufunguo mmoja.