Maswali ya Wasomaji: Meza ya Mvule Iliyoonekana Lakini Haikuwepo

SWALI: Mhariri, mimi ni seremala hapa Kondele, Kisumu. Kijana mmoja anayetengeneza programu za kompyuta alinivisha miwani ya uhalisia pepe, yaani inayoonyesha vitu vya kompyuta kana kwamba viko mbele yako, nikaona meza ya mvule iliyopigwa vanishi, mistari ya mbao ikiwa wazi kabisa. Aliponiambia niiguse, kiganja kilitua juu ya meza yangu halisi ya saipresi, ambayo nilikuwa nimeipiga randa tu bila msasa, lakini niliihisi laini kuliko ninavyoijua. Je, macho yalinidanganya? Na wateja wanaweza kuchagua samani kwa njia hii?
Seremala, Kisumu

JIBU: Fundi, jambo lililokupata limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani, Irvin Rock na Jack Victor, waliwapa watu kipande cha mraba wakishike huku wakikitazama kupitia lenzi iliyokifanya kionekane chembamba, na kwa kawaida watu hao walikihisi kama walivyokiona, wala hawakutambua kwamba jicho na mkono vilikuwa vikipingana. Hata hivyo, si kweli kwamba jicho hushinda siku zote. Mwaka 2002 Marc Ernst na Martin Banks walionyesha kuwa ubongo huchanganya habari za pande zote mbili, na kila upande hupewa uzito kadiri unavyoaminika wakati huo. Picha ikivurugwa, mkono ndio husikilizwa zaidi.

Tena, umbo ni jambo moja na ukwaruzo ni jingine. Susan Lederman na mwenzake walipochunguza ukwaruzo mwaka 1981, waliona kwamba jicho na mkono zikipingana, watu hutoa jibu lililo katikati. Nadhani ndicho kilichokupata: saipresi haikugeuka mvule, bali ukali wake ulipunguzwa na kile ulichokuwa ukikitazama.

Mkono nao una namna zake za kuuliza. Wewe ukimaliza kupiga msasa huburuta kiganja juu ya ubao ili ujue ulaini wake. Ugumu huupima kwa kubonyeza, uzito kwa kuinua, na ubaridi kwa kutuliza kiganja bila kukisogeza. Kama ungegusa hewa tupu, maswali hayo yote yangekosa jibu. Kishikizo kinachotetemeka, kile kinachoshikwa mkononi pamoja na miwani, husaidia kidogo, kwa sababu ngozi hutambua ukwaruzo mdogo sana kutokana na mtetemo unaozaliwa kidole kinapoteleza, lakini mtetemo huo hauwezi kukuambia kama kitu ni kigumu au ni baridi. Kuhusu ubaridi, mguu wa meza wa chuma na ubao uliolala karakana moja usiku kucha huwa na joto lilelile. Chuma huhisiwa baridi zaidi kwa sababu hunyonya joto la mkono upesi, na hakuna picha, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mng'ao ni suala tofauti, na hapa naisifu miwani bila kusita. Vanishi hutambulikana hasa pale mwanga unapohama juu ya ubao kadiri unavyosogeza kichwa, jambo ambalo picha ya simu haionyeshi lakini miwani huonyesha.

Kwa hiyo mteja wako anaweza kuitumia miwani kuchagua ukubwa, mpangilio wa mistari na kiasi cha mng'ao. Rangi aithibitishe mchana, nje ya karakana. Ukitaka aguse, weka chini ya kiganja chake kipande cha mbao ileile anayoiona, kilichopigwa msasa na vanishi ileile, na umwombe yule kijana akilinganishe na picha ili ukingo unaoonekana uwe pale pale mkono unapoukuta. Kumwekea saipresi chini ya picha ya mvule ni kumpotosha mnunuzi. Sofa za mahameli au ngozi usiziuze kwa miwani pekee; mpe mteja kipande cha kitambaa akibonyeze na kukipapasa huku na huku kabla hajatoa malipo ya kwanza.