Joto limepanda na paka wangu anaumwa: maswali yenu

Meseji za safari hii ni paka tupu, na karibu wote wagonjwa, nikaona niyajibu maswali yote kwa pamoja.

Paka wangu ana miaka 14, figo zimeanza kuchoka na daktari kasema lazima anywe maji. Joto limeanza na bakuli analipita tu kama halioni. Nimlazimishe?

Hapana, usimmiminie mdomoni, maji yakienda njia ya mapafu utakuwa umempa ugonjwa wa pili. Kiu ya paka ni ndogo toka asili, mababu zake walikuwa wa jangwani, maji walikuwa wanayapata kwenye nyama ya mawindo na figo zao zilijua kubana mkojo mpaka unatoka mzito. Sasa figo ikichoka inashindwa kubana, maji yanapita tu, ndo maana unakuta mchanga wa choo chake umeloa sana na mwili bado mkavu, halafu joto nalo linakuja juu ya hapo.

We mlishe maji badala ya kumnywesha. Chakula cha kopo zaidi ya robo tatu yake ni maji, kile kikavu ni kama asilimia 10 tu, kwahiyo mhamishie huko taratibu na umuongezee vijiko viwili vitatu vya maji ya uvuguvugu, kama yuko kwenye chakula maalum cha figo basi ulizia cha aina hiyohiyo cha kopo. Paka wa kilo 4 mzima anahitaji kama mililita 200 kwa siku ukijumlisha na ya kwenye chakula, wa figo anahitaji zaidi. Weka mabakuli sehemu tatu nne, mapana, mbali na choo chake. Maji ya kuchemshia kuku wengi wanayapenda, ila bila chumvi na bila kitunguu cha aina yoyote, vitunguu vinaharibu damu ya paka.

Kujua kama amekauka, watu wanavuta ngozi ya shingo waone inarudi haraka kiasi gani, ila kwa paka mzee ngozi yenyewe imeshalegea, itakudanganya. Gusa fizi. Zikiwa zinanata badala ya kuteleza, mpeleke. Na muulize daktari kuhusu dripu ya chini ya ngozi, wengi wanafundishwa na wanawapa nyumbani wenyewe, inatisha siku mbili za kwanza tu.

Jana mchana nilimkuta anahema mdomo wazi, ulimi nje kama mbwa, kama dakika tano hivi kisha akatulia. Ni joto tu, eti?

Mbwa kuhema hivyo ni kawaida yake, paka siyo, na paka mgonjwa ndo kabisa. Mi paka wangu wa zamani alishawahi kufanya hivyo nikacheka nikampiga na picha, kumbe ni moyo. Picha ile ninayo mpaka leo na siipendi.

Ikitokea tena mtoe kwenye joto, mlowanishe kwa maji ya kawaida tumboni, kwenye nyayo na masikioni, mwelekezee feni, na safari ya kwa daktari ianze hapohapo. Siyo maji ya barafu jamani, barafu inabana mishipa ya ngozi na joto linabaki limefungiwa ndani. Joto la mwili wa paka ni kama 38 mpaka 39.2, likivuka 40 ni hatari, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuumia na madhara mengine yanajitokeza siku inayofuata wakati we ushafurahi kwamba kapona. Kwahiyo huyo wako hata kama katulia, mpeleke leo. Na ukimkuta amelala hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, zikizidi 30 kila ukihesabu mwambie daktari.

Namwachia feni usiku kucha, inatosha?

Peke yake haimsaidii sana. Feni inatupoza sisi kwa sababu tunatoa jasho mwili mzima, paka anatoka jasho kwenye nyayo tu, kingine kinachompoza ni mate anapojilamba, na mgonjwa mara nyingi ameacha kujilamba. Mpanguse kwa kitambaa kibichi halafu ndo feni ipite. Au gandisha chupa ya maji, izungushie taulo, iweke pembeni yake pale ambapo anaweza kuhama akitaka. Kama hana nguvu za kuhama we ndo miguu yake, msogeze, na mwangalie sehemu za nyuma kila siku, akiwa na mkojo au kinyesi kwenye manyoya nzi wanataga na funza wanaweza kutokea ndani ya siku moja.

Nimnyoe manyoya yote?

Usimnyoe. Yanamkinga na jua. Mchane tu, yaliyosokotana mwachie anayejua kukata.

Anachemka masikio, nina paracetamol ndani, nimpe nusu?

HAPANA, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni na kidonge kimoja kinatosha kuua. Ibuprofen nayo iache hukohuko kabatini. Halafu masikio ya moto siku ya joto hayakwambii kitu, tumia kipimajoto.

Hajala tangu juzi, jirani anasema paka wote hawali kipindi cha joto.

Kupunguza kula wanapunguza kweli. Kuacha kabisa siku mbili ni jambo jingine, hasa kama ni mnene, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kushindwa. Na kama yuko kwenye insulini piga simu kwa daktari kabla ya sindano inayofuata, usimchome dozi ileile na tumbo tupu. Usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari leo. Mtandikie kitambaa kibichi kwenye kikapu chake, gari lipoe kwanza kabla hujamwingiza, na ukifika mkiambiwa msubiri msisubirie ndani ya gari.