Makato Yaliyorudi kwa Kukosa Fedha: Kwa Nini Natozwa Mara Mbili?

Swali: Bima yangu hulipwa kila mwezi kwa makato ya moja kwa moja kutoka benki. Mwezi huu makato yalirudi kwa sababu salio halikutosha, ingawa mshahara uliingia mchana wa siku hiyohiyo. Benki imenikata ada, na kampuni ya bima nayo inadai faini. Je, ni haki?

Jibu: Kwa kawaida ndiyo, mradi ada hizo zimetajwa katika masharti uliyoyakubali, kwa kuwa una mikataba miwili: benki inakutoza kwa kurudisha makato, na kampuni inakutoza kwa kuchelewa kulipwa. Kuhusu mshahara, benki nyingi hupitisha makato alfajiri, na kinachoangaliwa ni salio linaloweza kutumika saa hiyo. Hata hundi uliyokwisha kuiweka haihesabiwi kabla haijapitishwa. Baadhi ya benki zingelipa na kuiacha akaunti yako ikidaiwa, lakini deni hilo nalo huwa na riba au ada yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni bima yenyewe. Bima nyingi hutoa siku chache za nyongeza baada ya tarehe ya malipo. Zikipita bila kulipa, kinga inaweza kukoma kimyakimya, na hasara ikitokea siku inayofuata dai lako likakataliwa, hata kama umelipa miaka yote bila kukosa. Tafadhali piga simu leo, uliza kinga yako inaishia tarehe gani, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Katika simu hiyohiyo, uliza pia kama wataomba makato upya, kwa sababu kampuni nyingi hurudia ombi baada ya siku chache bila kukuarifu. Ukilipa kwa mkono huku ombi la pili liko njiani, utakatwa mara mbili. Na likikuta akaunti tupu, benki inaweza kukutoza ada nyingine. Kuifuta idhini ya makato hakufuti deni.

Baada ya hapo, omba tarehe ya makato isogezwe hadi siku mbili au tatu baada ya mshahara. Ikiwa hili ni kosa lako la kwanza, ombi la upole la kusamehewa ada mara nyingi hukubaliwa, nami nakushauri ulipeleke kote kuwili.