Umeme wa jua vijijini: mambo ya kujua kabla hujaagiza paneli ya kwanza

Ukipita kwenye shule na zahanati zilizofungiwa sola miaka mitano au sita iliyopita, mara nyingi utakuta paneli ziko juu ya paa, nzima kabisa, na chini yake betri zimekufa. Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi. Betri za risasi zikitumiwa vibaya hazimalizi hata mitatu. Miradi mingi hufia katika pengo hilo, na inauma, kwa sababu karibu kila mara chanzo chake kingeonekana kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Wewe unayeanza kazi hii, muda wako mwingi uweke kwenye matumizi, betri na fedha za matengenezo. Paneli ndiyo sehemu rahisi.

Kwanza andika matumizi. Chukua zahanati ndogo: taa 10 za wati 9 zikiwaka saa 6 ni Wh 540 (wati-saa, yaani wati mara saa), friji ya chanjo Wh 1,000, kompyuta mpakato ya wati 60 kwa saa 6, Wh 360, darubini ya wati 30 kwa saa 4, Wh 120, mashine ya kunyonya majimaji ya wati 100 kwa saa moja, Wh 100, simu 20 kwa Wh 10 kila moja, Wh 200. Jumla ni Wh 2,320 kwa siku. Kwa friji usizidishe wati za kwenye kibandiko kwa saa 24, maana kompresa huwaka na kuzima. Pima kwa mita siku mbili mfululizo, tena siku za joto. Na kama bajeti inaruhusu, friji ya chanjo ipewe paneli zake peke yake: zipo friji za sola zinazohifadhi baridi kwenye barafu bila betri, na orodha ya zilizokaguliwa hutolewa na Shirika la Afya Duniani chini ya mpango wa PQS. Chanjo haipaswi kugombania umeme na simu.

Halafu uliza ambacho hakimo kwenye orodha. Nyumba ya mhudumu iko wapi, na ana televisheni? Majirani watachaji wapi simu zao? Mtambo ukifika, watu watauchomekea, na hilo si kosa lao. Kosa ni la aliyekadiria kana kwamba hawapo. Ongeza robo ya matumizi kwa ajili ya ukuaji, na umeme wa kuchaji simu upitishe kwenye laini yake yenye swichi inayojikata mapema betri zikishuka, ili taa za chumba cha kujifungulia zibaki.

Sasa paneli. Wati zilizoandikwa nyuma yake zimepimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Juani seli hufika nyuzi 60 au 65, na paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 hadi 0.45 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Hapo tayari umepoteza kama asilimia 15. Vumbi, waya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na betri navyo vinachukua chao, hivyo gawa matumizi kwa 0.7: Wh 2,320 zinakuwa karibu 3,310. Gawa tena kwa saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukihesabiwa kama saa za wati 1,000 kwa mita ya mraba, za mwezi mbaya kuliko yote, siyo wastani wa mwaka. Kama mwezi huo una saa 4.5, unahitaji wati 737. Ukiongeza robo, kama 920. Paneli tatu za wati 330 zinatosha.

Unapoziunganisha kwa mfululizo, soma volti ya paneli isipobebeshwa kitu, kisha kumbuka kwamba hupanda paneli ikipoa. Paneli ya volti 46, tatu kwa mfululizo ni 138. Asubuhi ya nyuzi 10 inakaribia 144. Kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) chenye ukomo wa volti 150 bado kinapona. Lakini paneli kubwa za wati 550 huwa na karibu volti 50 kila moja, na tatu zimeshafika ukomo kabla baridi haijaingia hesabuni. Vidhibiti vingi vinavyoungua wiki za kwanza vimeuawa namna hiyo, alfajiri, na fundi akasingizia radi.

Kivuli nacho usikichukulie kirahisi. Kivuli cha nguzo au bomba kinachokatiza paneli moja kinaweza kuangusha uzalishaji wa safu nzima. Kagua eneo saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na uangalie miti itakavyokuwa baada ya miaka mitano. Kusafisha ni maji safi na kitambaa laini, asubuhi na mapema. Ukimwaga maji baridi juu ya kioo chenye moto wa saa saba mchana, kinaweza kupasuka.

Betri ndiyo hesabu inayopunjwa kuliko zote kwa sababu ndiyo ghali. Kwa zahanati yetu, siku mbili bila jua ni Wh 4,640. Gawa kwa 0.9 kwa ajili ya inveta, unapata kama 5,150. Betri za risasi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji Wh 10,300, sawa na Ah 430 (ampea-saa, yaani Wh gawa kwa volti) kwenye mfumo wa volti 24. Lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti) unaweza kuitumia asilimia 80, hivyo Wh 6,450 zinatosha. Usilinganishe bei ya dukani tu. LFP nzuri inatoa mizunguko ya kujaza na kushusha elfu kadhaa, na risasi ikishushwa nusu kila siku hutoa sehemu ndogo ya hiyo. Betri ya gari haifai kabisa: imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, na ukiishusha kila usiku inakufa baada ya miezi.

Joto ni adui mwingine. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Kibanda cha bati kisicho na dari wala matundu kinafika nyuzi 40 kwa urahisi. Jenga kivuli, acha hewa ipite chini na juu, na usiweke betri zinazotoa gesi chumba kimoja na inveta. Betri za maji ziongezwe maji yaliyokenekwa (distilled water) pekee. Ya bomba yana chumvi inayoharibu sahani. Usichanganye betri mpya na za zamani kwenye safu moja, kwa sababu mbovu huzivuta nzuri chini. Unapounganisha safu sambamba, waya chanya utoke ncha moja na hasi utoke ncha ya pili, ili zote zifanye kazi sawa.

Hapa kuna jambo moja la kumfundisha mlinzi wa mtambo siku ya kwanza. Betri ya volti 12 ya risasi, ikipumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imefika nusu. Akiona 12.2 kila asubuhi kwa wiki nzima, matumizi yamezidi uzalishaji na lazima kitu kizimwe. Ikifika 11.9 asubuhi nyingi, unazika betri polepole. Mita ya kupimia volti ni kifaa kidogo mno kuikosa kwenye mradi.

Waya huonekana kitu kidogo, na hapo umeme mwingi unapotea. Wati 1,000 kwenye volti 24 ni ampea karibu 42. Ukiupitisha umbali wa mita 10 kwa waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, kwenda na kurudi, utapoteza volti 1.46, yaani asilimia 6. Unataka isizidi 3. Ukipandisha waya hadi milimita 25, hasara inashuka hadi asilimia 2.4; ukipandisha mfumo hadi volti 48, waya uleule wa milimita 10 unapoteza asilimia 1.5 tu. Ndiyo maana mtambo unaozidi kilowati chache usiufunge kwa volti 12. Swichi za kujikata za upande wa paneli na betri ziwe zimeandikwa kuwa ni za umeme wa mkondo mnyoofu (DC). Za umeme wa nyumbani zinategemea mkondo kupita sifuri mara nyingi kila sekunde ili cheche izimike. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri, cheche inaendelea, na boksi linawaka moto. Vichwa vya waya kwenye betri vikazwe tena baada ya mwezi mmoja, kwani hulegea, hupata joto na kuyeyuka.

Ukitoka kwenye jengo moja kwenda kwenye gridi ndogo ya kijiji, ugumu unahamia kwa wateja. Dodoso linalouliza "ukipata umeme utanunua nini?" litakuletea friji na pasi kila nyumba. Uliza badala yake kaya inatumia kiasi gani sasa hivi kwa mafuta ya taa, betri kavu, kuchaji simu na mafuta ya jenereta. Kiasi hicho ndicho kilichopo mfukoni. Kaya nyingi zinazopata umeme kwa mara ya kwanza hutumia chini ya kWh 10 kwa mwezi (kWh moja ni Wh 1,000). Nyumba 200 kwa kWh 8 ni kWh 1,600, na nyingi ya hizo hutumika jioni, yaani zinapitia betri. Mashine moja ya kusaga ya kilowati 7.5 ikifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 25, hutumia karibu kWh 750 mchana, moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Mteja mmoja wa aina hiyo ni karibu nusu ya kijiji. Watafute wenye mashine za kusaga, maseremala, wachomeleaji na pampu za maji kabla hujachora ramani ya nguzo, na bei ya mchana iwe nafuu kuliko ya usiku.

Ila mota za mashine hizo zina tabia yake. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 hutumia kama ampea 15 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya hizo kwa sekunde chache. Inveta inajizima na kijiji chote kinaingia giza. Weka kifaa cha kuiwasha taratibu, au bora zaidi kile cha kurekebisha masafa ya umeme (VFD) ili mota ianze polepole, na kiandikwe kwenye mkataba wa mteja kama sharti. Mashine iwashwe tupu, nafaka baadaye.

Kuhusu fedha, bei ya umeme lazima ibebe betri zijazo. Kama zitadumu miaka 8, gawa bei yake kwa miezi 96, na kiasi hicho kiende kila mwezi kwenye akaunti yenye sahihi zaidi ya moja, kabla ya gawio lolote. Mita za malipo ya kabla hurahisisha makusanyo na kuondoa ugomvi wa madeni, lakini nunua aina ambayo programu yake unaweza kuendelea kuitumia hata muuzaji akifunga duka. Mkopo wa dola unaolipwa kwa mapato ya fedha za ndani ni hatari ya kweli: fedha yako ikipoteza asilimia 20 ya thamani dhidi ya dola, deni linapanda kwa robo. Tafuta mkopo wa fedha za ndani hata kama riba yake inaonekana juu.

Uliza pia gridi ya taifa inakuja lini. Bangladesh, kupitia mpango wa IDCOL, kampuni ya serikali inayokopesha miradi ya miundombinu, ulioanza 2003, ilifunga zaidi ya mitambo milioni 4 ya sola ya majumbani. Ilisaidia sana kwamba mashirika yaliyouza kwa mkopo ndiyo yaliyokuwa na mafundi wa kuihudumia. Hata hivyo gridi ilipoenea, mitambo mingi ilipoteza kazi. Nigeria, katika kanuni zake za gridi ndogo za 2016, iliweka njia ya mwekezaji mwenye kibali kulipwa fidia gridi inapofika. Soma kanuni za nchi unayofanyia kazi kuhusu jambo hili kabla ya kusaini, na nguzo na nyaya zako zifuate viwango vya gridi tangu mwanzo ili ziweze kuunganishwa bila kung'olewa.

Kwenye miradi mikubwa tatizo hilohilo hugeuka. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya MW 310 (megawati) ilikuwa imeshajengwa 2017, lakini laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika 2018. Upepo ulivuma na umeme haukuwa na pa kwenda. Ukishiriki kuandika mkataba wa mauziano ya umeme, tarehe ya mtambo na tarehe ya laini ziwe kwenye ukurasa mmoja, na iandikwe wazi nani analipa mmoja akichelewa.

Wakati wa kununua, dai cheti cha viwango vya kimataifa vya umeme, IEC 61215 na 61730, kwa paneli na 62109 kwa inveta na vidhibiti, kisha linganisha namba ya modeli ya cheti na ya kwenye kibandiko, herufi kwa herufi. Zuia asilimia 10 ya malipo kwa mwaka mmoja. Siku ya makabidhiano, washa matumizi yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kwanza kuanzia machweo hadi alfajiri, ukiandika volti ya betri kila saa. Fundi abaki hapo usiku huo. Stoo iwe na fyuzi, swichi za kujikata, kidhibiti chaji kimoja cha akiba na mchoro wa waya uliofunikwa kwa plastiki, na watu wawili wa hapohapo, siyo mmoja, wafundishwe kuvibadilisha kwa mikono yao huku fundi akitazama.