Shangazi anajibu: uvimbe wa taya kwa watoto na ile taasisi ya Mulago

SWALI: Shangazi shikamoo. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6. Taya lilianza kuvimba tukadhani jino, akang'olewa mawili hapahapa kijijini, uvimbe ukazidi mpaka jicho likaanza kusukumwa. Hospitali wamekata kinyama wakapima, wanasema ni saratani inaitwa Burkitt. Bibi yake anasema karogwa na kwamba saratani haiponi, tumrudishe nyumbani. Halafu nasikia huu ugonjwa ulijulikana kwanza Uganda na pale hospitali ya Mulago, Kampala, kuna taasisi ya utafiti wake, ni kweli? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Historia nitakupa yote ila kwanza msimrudishe nyumbani, tafadhali. Huu uvimbe unakua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo wiki moja ya kubishana na bibi ni nyingi mno. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayouponza, maana dawa za kemo zinaua seli zinazogawanyika na hizi zinagawanyika muda wote. Kwenye nchi zenye dawa na vipimo vyote wanapona zaidi ya watoto 9 kati ya 10, huku kwetu wanapona wachache zaidi na sababu kubwa ni kuchelewa na kukatisha dozi, sio kwamba ugonjwa wa huku ni mwingine. Kaa na bibi taratibu umweleze, mwambie Shangazi kakuomba.

Sasa Uganda. Ndiyo, umesikia sawa. Mwaka 1957 pale Mulago daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, aje amwangalie mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa anaona nini. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, anatupa macho dirishani anamwona mtoto wa kike na mama yake wamekaa nje, uso umevimba vilevile, kumpima akamkuta na uvimbe tumboni pia. Hapo ndipo akaanza kufukua mafaili na kuuliza kila mtu, na mwaka 1958 akaandika ripoti yake ya kwanza.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka wiki 10, kama kilomita 16,000, toka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, hospitali kwa hospitali wakionyesha picha na kuuliza mmewahi kuona mtoto wa hivi? Walichogundua ni kwamba ugonjwa unakaa sehemu za joto, za chini na zenye mvua, kwenye miinuko ya baridi kama Rwanda na Burundi ulikuwa nadra, yaani ramani yake inafuata ramani ya mbu na malaria. Ninyi wa kandokando ya ziwa mpo ndani kabisa ya ramani hiyo, sio uchawi mwanangu.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwepo, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege atafute kirusi ndani yake. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwisho wa 1963 ndege ikakwama kwa ukungu ikatua Manchester badala ya London, mzigo ulipofika maji yake yalikuwa na uchafuuchafu kama yameoza, wengine tungemwaga, yeye akaweka kwenye darubini akakuta ni seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Zikaoteshwa maabara na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Karibu sote watu wazima tunacho mwilini na wengi wetu hakitufanyi kitu, kwa hiyo mtoto asitengwe, ale na wenzake.

Taasisi yenyewe ilianza 1967 kama wodi ndogo ya watoto wa Burkitt, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya saratani ya Marekani, mkuu wake wa kwanza kijana Mmarekani John Ziegler. Waliwapa watoto dawa kwa mpangilio, wakaandika kila kitu, na wakiruhusiwa waliwafuata mpaka vijijini kwao kujua nani yuko hai na nani ugonjwa umerudi. Ndivyo walivyojifunza kwamba mara nyingi unajificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana mtoto wenu atachomwa sindano ya mgongoni, msiikatae. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa kati ya madaktari waliopewa tuzo kubwa ya Lasker kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa.

Mwaka huohuo, Idi Amin yuko madarakani, Wamarekani wakaondoka. Mimi hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu wengi wangefunga milango. Daktari Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi na wauguzi wake wakaendelea kutibu na kutafiti, mwaka 1975 wakachapisha majaribio ya dawa ya adriamycin kwa saratani ya ini yaliyosomwa dunia nzima. Ile wodi ndiyo leo Taasisi ya Saratani ya Uganda, inatibu watu wazima na watoto, na tangu 2004 inashirikiana na kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutch cha Seattle, Marekani.

SWALI: Shangazi, na sisi Tanzania hatuna ya kwetu mpaka twende Kampala? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Tunayo. Ocean Road Dar es Salaam, jengo la Wajerumani la 1897, ni taasisi kamili ya saratani tangu 1996, ila watoto kwa Dar wanatibiwa Muhimbili. Ninyi wa Musoma msifikirie Dar wala Kampala kwanza, hospitali ya Bugando pale Mwanza wanatibu saratani. Ombeni rufaa leo, na ile karatasi ya majibu ya kinyama mwende nayo mkononi, maana wakiikosa huenda wakalazimika kumkata tena mtoto na kusubiri majibu upya.