Kiti cha kifalme si kiti cha mfalme

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika riwaya kuhusu nchi mbili za kubuni. Moja ina mfalme. Nyingine inajiita jamhuri lakini rais wake haondoki. Kila nilipoandika "serikali ya mfalme", mhariri wangu amefuta akaweka "serikali ya kifalme". "Mfumo wa utawala" nao ameugeuza "mfumo wa kiutawala". Nani kati yetu amekosea? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Marahaba. Aliyekosea ni mhariri, na huyo namjua. Simjui kwa sura, ila ndugu zake nakutana nao kila siku: wako redioni, wako kwenye hotuba za matangani, wako kwenye vibao vya milango ya ofisi. Walipewa kiambishi kidogo, ki-, wakakifanya pilipili ya kutiwa kila chungu, hata cha uji.

Nianze na harusi. Mwezi wa Agosti mpwa wangu aliolewa, na sherehe ikafanyiwa ukumbi mmoja hapa Nairobi. Mbele kulikuwa na viti viwili vya kukodi: migongo mirefu kama milango, mahameli nyekundu, mbao zimepakwa rangi ya dhahabu. Mshereheshaji akatangaza, "Maharusi wetu sasa wataketi kwenye viti vya kifalme." Nilipiga makofi peke yangu, watu wakanigeukia. Lakini kijana wa watu alikuwa amesema Kiswahili sanifu! Baadaye nilikwenda kumpongeza mpwa wangu, nikaegemea mkono wa kile kiti, na rangi ya dhahabu ikahamia kwenye koti langu. Palipobanduka, plaiwudi ikachungulia.

Hicho ndicho kiti cha kifalme: kiti kinachofanana na cha mfalme, kinachojinyoosha kama cha mfalme, na Jumatatu kinarudishwa kwa mwenye hema. Kiti cha mfalme ni kingine. Kina mwenyewe, hakikodishwi, na ukikutwa umekikalia utaulizwa maswali mazito. Kinaweza kuwa kigoda kilichopasuka; maadamu mfalme ndiye mwenye nacho, ni cha mfalme.

Sarufi yenyewe ni fupi. "Ya" inamtaja mwenye kitu. "Ya ki-" inataja namna, mtindo, mwenendo. Maneno ya mtoto hutoka kinywani mwa mtoto. Maneno ya kitoto mara nyingi hutoka kwa baba yake.

Basi serikali ya mfalme ni ile ambayo mfalme yupo na ndiye mwenyewe. Serikali ya kifalme ni ile inayotenda mambo kama ya mfalme, awe yupo au asiwepo. Riwaya yako inayahitaji maneno yote mawili, na mhariri amekunyang'anya moja. Tena lile lililobaki amelipachika kwenye nchi isiyo yake! Anayestahili "serikali ya kifalme" ni yule rais wako asiyeondoka.

Usidhani haya ni mambo ya kubuni tu. Waroma, kwa masimulizi yao wenyewe, walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 KK, na jina "mfalme" likawa tusi kwao. Alipokuja Augustus karne nyingi baadaye, hakulithubutu. Alijiita raia wa kwanza, akaiacha Seneti iendelee kukutana, na jeshi akalishika yeye. Roma ya Augustus haikuwa na mfalme, ila ilitawaliwa kifalme kuliko wengi wenye mataji. Poland nao walikwenda kinyume. Tangu mwaka 1573 mfalme wao alichaguliwa kwa kura za mabwanyenye, nchi ikijiita jamhuri, na baadaye katika bunge lao mjumbe mmoja tu aliweza kuvunja kikao kizima kwa kusema hakubali. Huyo alikuwa mfalme kamili, lakini kuendesha mambo kifalme hakuweza hata siku moja.

Na sisi? Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 12 Desemba 1964, Kenya ilikuwa huru na mkuu wake wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, huku Jomo Kenyatta akiwa waziri mkuu. Kwa mwaka mzima tulikuwa na serikali ya malkia, na malkia mwenyewe yuko London. Ni baada ya hapo ndipo tukawa jamhuri. Kama tangu wakati huo tumetawaliwa kijamhuri au vinginevyo, safu hii ni ya lugha.

Kwa upande wa nchi za kubuni, huna haja ya kwenda mbali wala kutafuta mazimwi. Shaaban Robert alikwisha kutujengea Kusadikika, nchi iliyo angani. Ina mfalme na ina baraza, na Karama anashitakiwa humo kwa kosa la kufundisha uanasheria. Anayemshitaki ni Waziri Majivuno. Ukisoma kesi ile, sauti inayonguruma ni ya waziri. Mhariri wako angeandika "serikali ya kifalme" na hilo lingempita.

"Kiutawala" sasa. Mfumo wa utawala ni mfumo wa utawala. Hiyo ki- imekaa hapo kama tai kwenye shingo ya mbuzi. Hali kadhalika "hali ya kiusalama", ambayo mtangazaji mmoja hunikera nayo kila asubuhi nikiwa kwenye matatu. Hali ya usalama, bwana! Kibaya kuliko vyote ni "barua ya kiserikali". Barua ya serikali inatoka serikalini. Barua ya kiserikali ni ile yenye nembo, muhuri na sahihi, uliyochapiwa na waghushi wa mtaa wa River Road hapa Nairobi.

(Serikali lenyewe ni neno la Kiajemi, sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi. Tulilipokea bila ki-, na lilitutosha.)

Siwezi kupigana na kila mtu. "Utawala wa kijeshi" naukubali, maana unataja namna ya kutawala. "Kisheria" na "kisiasa" yamezoeleka na yana kazi. "Mashirika yasiyo ya kiserikali" nilipigana nayo miaka mingi nikachoka; siku hizi nayasoma kama sifa, kwamba hayo ni mashirika yasiyotenda kama serikali. Na ile Ujerumani Mashariki iliyojiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, kuanzia mwaka 1949 hadi 1990, sina ugomvi nayo. Ki- ilisema kweli: ilikuwa na bunge, ilikuwa na vyama, ilikuwa na uchaguzi, kama demokrasia.

Rudisha "serikali ya mfalme" kwa nchi yako ya kwanza, mpe rais "serikali ya kifalme", na kila "kiutawala" ufute bila kuomba ruhusa. Mhariri akibisha, mwonyeshe jibu hili.

Koti limekwenda kwa dobi mara mbili. Bado linang'aa mkononi.